Mashine Iliyozimwa Kabla ya Jumapili

Kompyuta yetu ilikufa Jumamosi mchana ikiwa imebakiza robo tu ya kazi, na mkono uliozima umeme ulikuwa wa shemeji yangu, ndugu wa mume wangu. Kesho yake, baada ya misa, nilikuwa nimepanga kumpiga mbele ya mama yake. Kumpiga kwa mpira wa kwenye skrini, ndiyo, lakini kumpiga kweli.

Deni lenyewe ni la Noeli. Siku hiyo, nyumbani kwa mama mkwe, shemeji alinifunga kumi bila katika mchezo wa zamani wa mpira wa kwenye televisheni, ambao yeye aliujua kama anavyojua mfuko wa suruali yake. Ningesahau. Lakini alisimama, akachukua kapu la mikate na kupita nalo kwa kila mtu kama anayekusanya sadaka.

"Toeni pole kwa shemeki," alisema. "Mutu akipoteza hivi, familia inasaidia."

Mjomba wao alitia kifuniko cha soda. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Tangu siku ile jina langu upande wa pili wa ua, anakokaa shemeji, likawa Kumi Bila. Asubuhi nikitoka kufagia, nilisikia: "Kumi Bila, umeamuka?" Hata mwenye pikipiki anayenipeleka kazini alianza kuniita hivyo, naye hakuwepo Noeli.

Kwa hiyo mchezo mpya ulipotoka, nilifurahi kama mtu aliyeona adui yake amevua viatu. Mpya ni mpya kwa wote. Shemeji hakuwa na kompyuta. Angekuja kucheza kwetu, bila mazoezi. Mimi ningekuwa na wiki nzima. Nikamwalika kwa heshima zote, na mama yake, na yule mjomba wa kifuniko.

Mchezo ulikataa kufunguka. Maandishi kwenye skrini yalisema kwamba BIOS ya mashine ni ya zamani mno. BIOS ni ile programu ndogo inayokaa ndani ya kadi kubwa ya kompyuta na kuiamsha kabla ya kitu kingine chochote. Kompyuta yetu ni ya mezani, imetumiwa na watu wengine kabla yetu, imekuja kutoka Kampala kupitia Mahagi juu ya lori la maharagwe. Hakuna aliyewahi kuigusa huko ndani.

Nilifanya mambo kwa utaratibu, na wiki nzima ikapita hivyo. Niliiwasha huku nimebonyeza kitufe, nikasoma toleo lililokuwemo. Nilifungua kasha na tochi ya simu, nikafuta vumbi, nikasoma jina la kadi herufi kwa herufi, kwa sababu kadi mbili zinaweza kufanana jina na kutofautiana mwishoni, na faili la moja huua nyingine. Nilipakua faili kutoka ukurasa wa watengenezaji, si kwingine, nikaliweka kwenye kidude cha USB. Onyo lilikuwa moja, kwa herufi kubwa: usizime umeme kabla kazi haijaisha.

Hapo ndipo shemeji anapoingia tena, maana umeme wetu ni wake. Katika mtaa wetu mwenye jenereta huwapa waya majirani, na wao huchangia mafuta. Sheria ni moja na haijaandikwa popote: kabla ya kuzima, mwenye jenereta anasimama uani na kuita "Nazima-ee!" na watu wanapata muda wa kuokoa kazi zao. Fundi cherehani anamaliza mshono. Mwenye pasi anainua pasi. Mimi nazima kompyuta. Shemeji, hilo lazima niseme, hakuwahi kuzima bila kuita.

Jumamosi hiyo nilikwenda mwenyewe kwake. Alikuwa sebuleni, anatazama timu yake ya Ulaya.

"Shemeki, utazima saa ngapi?"

"Mpira ikiisha."

"Nafanya mise à jour ya mashine, naitia programu mpya. Ikizimika katikati, inakufa."

"Ni ya mchezo wa kesho?"

"Ndiyo."

Akacheka. "Basi fanya mbio, Kumi Bila. Timu yangu iko inapoteza, roho yangu si nzuri."

Nilirudi, nikavaa kaski masikioni kwa sababu mashine ya kusaga muhogo ya jirani ilikuwa inanguruma, nami nilitaka kusikiliza kwenye simu maelezo ya hatua za mwisho. Nikaanzisha kazi. Mstari ulisogea taratibu, ukafika nusu, ukaipita. Kisha skrini ikawa nyeusi, na feni ikanyamaza.

Nilivuka ua bila viatu.

"Niliita!" alisema kabla sijafungua mdomo. "Miye niliita! Weye ulikuwa na kaski."

"Mpira umeisha?"

"Kwangu iliisha. Bao ya tatu, nani anaendelea kutazama?"

Umeme ulipowashwa tena, kompyuta ilizungusha feni na kuonyesha giza. Mume wangu aliibeba kwenye pikipiki, ameikumbatia kama mgonjwa, hadi kwa fundi wa karibu na soko kuu. Fundi alitoa kwenye kadi kidude kinachoshika BIOS, akakiandika upya kwa kifaa chake, na jioni mashine ikaamka. Mazoezi yangu ya wiki yalikuwa yameliwa na yale matengenezo. Nilikuwa mpya kama shemeji.

Hasira ilicheza badala yangu. Jumapili nilimfunga sita bila. Alipofungwa la nne aliomba chai. Nilimwambia chai iko, mpira kwanza. La sita lilipoingia nililichukua kapu la mikate, lile lile, maana nilikuwa nimeliazima kwa mama mkwe tangu Ijumaa, nikampelekea mjomba. Alitia kifuniko cha soda. Shemeji alicheka kidogo, akatazama ukuta.

Hilo la Noeli nimelipa. La kompyuta bado, na silipi deni nisilolijua, kwa hiyo nimeuliza watu. Mume wangu alikuwa anaoga na hakusikia kitu. Mama mkwe anasema, "Mutoto yangu hawezi kuzima bila kuita, siye bote tulisikia." Lakini siku hiyo alikuwa sokoni, yeye husikia kila kitu kinachomsaidia mwanawe. Fundi cherehani aliharibu mshono wa sketi, jambo linalonipa nguvu, ila anakiri kwamba na redio yake ilikuwa juu.

Amebaki mama wa mashine ya kusaga. Yeye alikuwa anaelekea ua wa shemeji, unga hadi kwenye nyusi. Alimwona akitoka sebuleni, akisimama karibu na jenereta, akifungua mdomo wazi kabisa, kisha akiinama kuzima.

"Alikuwa anaita?" nilimuuliza.

"Mashine yangu ilikuwa inalia, mama. Niliona mudomo tu."

"Anaita, ao anapiga mwayo?"

Alifikiri sana, akapangusa unga usoni, na kusema kwamba kutoka pale alipokuwa, hakuweza kujua.