Uso wa Baba Kwenye Maji ya Fundichuma

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipoanza kumficha mama jambo moja, nikaishi nalo hadi nilipopata watoto wangu.

Baba alikuwa mwalimu, na alipenda ndege. Kila mwaka mvua za vuli zilipokaribia, korongo weupe kutoka Ulaya walitua kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, naye alishuka peke yake kutoka kwetu mlimani kwenda kuwatazama. Mwaka ule alisema tutakwenda wote. Bibi, mama yake, hakupenda. Alinionya kwamba huko kuna fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, na kwamba mtu akijiona kwenye maji anamosimama ndege huyo, hamalizi mwaka.

Tulifika kunapambazuka, ukungu umelala juu ya mpunga. Korongo walikuwa wengi mno, wametulia kama watu waliofika msibani. Baba alinivalisha darubini yake shingoni, akanionyesha namna ya kuisogeza taratibu. Kisha akainama kwenye mfereji ili anawe uso. Fundichuma alikuwa hatua chache mbele yake, katika maji yaleyale.

Niliuona uso wa baba majini. Nilitaka kumvuta shati, mkono haukuinuka. Ndege aligeuza kichwa, akatutazama, akaruka akilia.

Baba aliniuliza mbona natetemeka. Nikasema ni baridi. Akanivika koti lake.

Alifariki wiki mbili kabla ya Krismasi, wakati ndugu waliokuwa Dar wanaanza kupanda mlimani kurudi nyumbani. Sikumwambia mtu. Niliamini kwamba ningepiga kelele angekuwa hai, na kwa miaka mingi nikimsikia ndege yule analia niliingia ndani na kufunga mlango.

Mwaka jana, tukimenya ndizi jikoni, nilimweleza mama. Aliweka kisu chini.

"Baba yako alijua tangu Agosti," alisema. "Daktari alishamwambia. Ndiyo maana alitaka uende naye."

Ndizi zilianza kuwa nyeusi mbele yetu.

Baba alinipa asubuhi ile kwa makusudi, akijua hatapata nyingine, na mimi sikuwahi kuikumbuka kwa furaha hata siku moja. Najaribu sasa. Bado naogopa.