Aliyemvuta Baba Shati

Juzi greda lilipita mbele ya nyumba yetu hapa Masoko, likichonga barabara iliyoliwa na mvua, na moshi wake ukaingia mpaka jikoni. Dada yangu Zuhura alikohoa, akafunika sufuria. Mimi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikaivuta ile harufu ya dizeli na udongo mbichi kwa pua zote mbili, na papo hapo nikaanza kumwonea Zuhura wivu. Msicheke. Kuna wivu usiozeeka.

Baba alikuwa fundi wa mitambo wa idara ya barabara. Magreda, rola, matipa, yote yaliyotengeneza njia za Pande na Miteja, yalipoharibika yaliletwa yadi, na Baba ndiye aliyelala chini ya matumbo yao. Jioni alirudi ananuka grisi. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga iliyochanganywa na mchanga, na bado chapati aliyoimega ilibaki na alama za vidole. Kwangu yale yalikuwa manukato. Nilikuwa mtoto wa kwanza, wa kiume, nimepewa jina la baba yake. Kwa akili yangu yadi ilikuwa mali yangu, nangoja tu kukabidhiwa.

Basi kila Jumamosi alimchukua Zuhura.

Zuhura! Kitoto cha darasa la pili, kibogoyo, kinaogopa hata jogoo. Waliondoka asubuhi, yeye upande wa kulia wa Baba, kalishika shati lake kwa nyuma kama mtoto wa mbuzi aliyefungwa kamba. Mchana anarudi na grisi puani, ananisimulia alivyokalishwa kwenye kiti cha greda, alivyopewa bisibisi ndefu, ncha aiweke kwenye injini na mpini sikioni, kisha Baba akamwuliza, "Inasemaje?" Eti Baba naye aliing'ata bisibisi yake kwa meno, ncha kwenye injini, macho kayafumba. Nilisonya mpaka Mama akaninyooshea mwiko.

Lakini Mama alipokaa kushona, nikaitafuta bisibisi, nikaing'ata, ncha nikaigusisha kwenye cherehani yake. Lo! Kichwa kizima kikavuma, kama nimeimeza ile cherehani. Mama alinifukuza, ila utamu wake nilikwisha kuuonja, na wivu ndio ukapanda. Kumbe huko yadi wanakula raha ya namna hii, wawili peke yao!

Kilichoniuma kuliko vyote ni salamu. Asubuhi Baba alikaa kwenye kigoda uani, kanipa mgongo, anafunga kamba za buti. Natoka chumbani, nainamisha kichwa, nasema, "Shikamoo Baba." Kimya. Anakuja Zuhura, anamzunguka, anasimama mbele yake kabisa, anatoa shikamoo yake ya kibogoyo, na Baba uso wote unamchangamka: "Marahaba mwanangu, marahaba!" Madrasa tulifundishwa kwamba mkubwa hapaziwi sauti. Kwa hiyo kadiri nilivyotaka anipende, ndivyo nilivyozidi kushusha sauti, na ndivyo alivyozidi kutonijibu. Nilimshtakia Mama. Akainua jicho kwenye mshono, akasema, "Baba yako ana mawazo ya kazi. Nenda kachote maji."

Jumamosi moja uvumilivu ukanishinda. Masika yalikuwa yanakaribia, na lile greda la njia ya Pande lilikuwa limefunguliwa yadi muda mrefu. Nilivaa shati langu la Idi, nikawafuata. Nilimkuta Baba ameinama kwenye injini iliyozimwa, Zuhura pembeni yake, na msimamizi wa yadi, bwana mmoja mkali, anazungukazunguka kukagua. Nikasimama nyuma ya Baba. Nikainamisha kichwa kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo Baba."

Kimya. Msimamizi akaniangalia mimi, kisha akamwangalia Baba, akakunja uso. Hapo Zuhura akalivuta shati la Baba, mara mbili, haraka. Baba akageuka, akaniona, akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Aa! Marahaba, kijana wangu! Nilikuwa nakuchokoza tu." Msimamizi akatikisa kichwa, akaenda zake. Baba akajifuta jasho. "Haya, rudi kwa mama yako," akaniambia.

Nilirudi nalia njia nzima. Mbele ya watu! Yaani kujibiwa na baba yangu mzazi mpaka Zuhura atoe ruhusa! Nikaapa kumgomea. Mpaka mvua zikaanza, sikumpa shikamoo hata moja. Na ninyi fikirieni uchungu wangu: hakuona tofauti yoyote.

Sasa turudi kwenye lile greda la juzi. Baba kazeeka, amekaa barazani anaangalia wanavyochonga njia. Masikio yake yamekufa, nasi sote husema ni uzee. Muuza samaki akatokea uani, nyuma yake, akamsalimu. Kimya. Zuhura, ambaye sasa alikuwa amekaa kando yake, bila kuacha kuchambua mchele, akanyoosha mkono akalivuta shati la Baba, mara mbili. Baba akageuka, akaitikia.

Nikakiweka chini kikombe changu cha chai.

"Zuhura, Baba alianza lini kutosikia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Tangu tuko wadogo, Kaka. Ile mitambo ilimla masikio mapema. La kulia ndilo lilibaki kidogo. Si ndiyo maana alikuwa ananipeleka yadi nimsikilizie? Hukujua?"

"Na mbona hakunichukua mimi?"

"Wewe!" Akacheka mpaka ungo ukayumba. "Wewe uliyeitangazia madrasa nzima kwamba meno ya Bibi yanavuliwa? Fundi asiyesikia injini wangemrudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Tungekula nini?"

Ndipo nilipoelewa. Zuhura hakupewa raha, alipewa mzigo, mtoto wa darasa la pili, akaubeba bila kumwambia mtu. Mngedhani wivu ungeniisha. Wapi! Ulinikaba upya, maana kiti cha greda ni kitu gani? Baba alikuwa na siri moja tu duniani, akaichagulia mtu, na mtu huyo si mimi.

Nikatoka barazani, nikamzunguka mzee, nikachuchumaa mbele yake kabisa ili anione midomo. "Shikamoo Baba."

"Marahaba!" Akanipigapiga begani, ametabasamu. "Siku hizi una adabu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hunisalimii. Nilikuwa naumia, lakini nitakugombezaje? Labda ulisema, labda hukusema." Akageuka kulitazama greda.

"Nilikuwa nakusalimia, Baba," nikasema. "Kila asubuhi."

Nilikuwa nimeisemea shingo yake. Zuhura akainuka, akamvuta shati, akamwinamia sikio la kulia, akamwambia niliyoyasema. Baba akachezea kifungo cha shati. Kisha akamjibu yeye, si mimi.

"Mwambie marahaba. Mwambie marahaba zake zote."