Makohozi Aliyoyameza

Hotelini walimwita Kidole, ila si mbele yake. Alikuwa mkuu wa usafi wa vyumba, na kila asubuhi alipita akiburuta kidole cha shahada juu ya makabati, nyuma ya televisheni, na kwenye ukingo wa juu wa mlango ambako hakuna mgeni aliyewahi kutazama. Kidole kikitoka na vumbi, alikiinua tu mbele ya uso wa mhudumu bila kusema neno. Wahudumu walisema afadhali matusi.

Mengi yalimtia kinyaa, lakini hakuna kilichomchefua kama mtu kukohoa na kutema. Shangazi aliyemlea alikuwa akisema mwanamke mwenye heshima zake hana kikohozi. Kwa hiyo kikohozi kilipomwanza, akiwa na miaka hamsini na mitatu, alikibana. Kikipanda kitu kizito kutoka chini, chenye ladha ya chumvi na kutu, alikimeza macho yakimtoka, akanywa maji, akaendelea kukagua taulo.

"Mara kumi na saba," mumewe alimwambia siku moja mezani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na mazoea yana taabu. "Umemeza mara kumi na saba tangu tukae hapa, na chakula hujagusa. Nenda hospitali."

"Ni vumbi la kazini hili."

Badala ya hospitali alikwenda kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na duka la dawa mtaa wa pili. Wifi alikuwa na moyo mkunjufu, mdomo mwepesi, na mkono mwepesi kuliko mdomo.

"Kifua hicho, wifi yangu, ni cha vidonge vitatu tu," akasema, na pakiti ikawa imeshatua kaunta.

Vikamsaidia. Baada ya wiki tatu kikohozi kikarudi, akapewa vingine vitatu, na vingine tena. Mwishowe wifi akaona yaishe: ameze kimoja kila siku mpaka kikohozi kichoke chenyewe. Kidole akameza kidonge hicho hicho kila asubuhi kwa miezi mitano, bila dawa nyingine. Akapata nafuu ya nusunusu, akalisifia lile duka kwa kila aliyemsikiliza. Wahudumu wawili wa hotelini aliwapeleka huko yeye mwenyewe.

Kisha akaanza kukonda. Sketi zikawa zinamzunguka kiunoni, na usiku jasho lilimlowesha hata akabadilisha shuka mara mbili. Asubuhi moja, katika chumba namba kumi na tisa, kikohozi alichokibana kilimponyoka, na foronya nyeupe ikapata doa lenye uzi wa damu. Mgeni mwenye chumba alirudi nyuma hatua mbili, uso umemkunjamana. Kidole aliujua uso ule, maana ndio aliokuwa akiwakunjia wenzake miaka yote.

Hospitali wakampa kikopo chenye kifuniko na kumwelekeza nyuma ya ukuta wa kliniki. Huko alikuta watu watano wanakohoa kwa bidii kama wako kazini. Akafumba macho, akatema kidogo, akafunga. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu mtaalamu wa maabara alitoka mwenyewe, kikopo amekishika kwa vidole viwili.

"Mama, haya ni mate."

"Si ndiyo mliyoyataka?"

"Tulitaka makohozi, yale ya chini kabisa. Mate yako niyafanyie nini, nibandikie stempu?"

"Sijawahi kutema mbele ya watu, mwanangu."

"Basi geukia ukutani. Lakini yatoe, mama. Unayaficha humo kama akiba, na hayo hayafai kuwekwa akiba."

Aligeukia ukuta. Akavuta pumzi, akakohoa kutoka mahali ambapo hakuwahi kuparuhusu kukohoa. Kilichotoka kilikuwa cha kijani iliyokolea, kizito, kikivuta uzi kutoka mdomoni hadi kwenye kikopo, uzi usiotaka kukatika mpaka akaukata kwa kidole. Akakitazama. Miaka mitatu alikuwa anameza kitu kile, kila siku, kwa adabu. Akainama pale pale ukutani akatapika.

Majibu yalichukua wiki saba, kwa sababu vijidudu vilibidi vioteshwe kwanza. Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alimweleza kwamba si kifua kikuu.

"Ni vijidudu vya ukoo huo huo, ila hivi makao yao ni udongoni na majini, hata maji ya bomba. Vinajifanyia utelezi ndani ya mabomba."

Utelezi ule aliujua. Miaka ishirini alikuwa akifungua vichwa vya mabomba ya mvua na kuukwangua kwa mswaki mkuukuu, utelezi wa rangi ya kahawia, unaonuka kama kitambaa kilichovundia ndoo.

"Ndiko nilikovipata?"

"Siwezi kuapa. Watu wengi wanavivuta na hawaumwi. Mapafu yako yana sehemu zilizotanuka, makohozi yanatuama humo."

"Basi nipe dawa niviue."

Daktari akaigeuza karatasi. "Kuna dawa moja ndiyo nguzo ya matibabu haya. Tunaitoa pamoja na nyingine, ili kijidudu kikiikwepa hii, kife kwa ile. Vyako vimeshakuwa sugu kwa hiyo nguzo." Akaitaja. Ndiyo iliyoandikwa kwenye pakiti za wifi. "Uliwahi kuimeza?"

"Kila siku, miezi mitano."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Basi iliua vile dhaifu, vile sugu vikabaki na nafasi yote, vikazaana."

Nyumbani mumewe alisikiliza yote, akashusha pumzi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kingekuwa nguoni ningekifua!" akafoka, halafu wote wawili wakacheka mpaka akashikwa na kikohozi, mume akawa anamshika mabega.

Kesho yake alikwenda dukani. Wifi alisikia, akaanza kulia. "Mimi nilitaka upone. Si ulipata nafuu?"

"Nilipata."

Kabla hajaongeza neno, akaingia mwanamume anayekohoa. Wifi alijifuta machozi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaenda rafu ile ile, ukashusha pakiti ile ile.

"Mwambie akapimwe!" Kidole akasema.

"Na foleni ile ya hospitali? Atapimwa lini, wifi?"

Mwanamume akaondoka na pakiti yake. Kidole alitoka nje, kichefuchefu kimemkaba kuliko siku ile ya ukutani.

Matibabu yalikuwa dawa nne za kumeza na sindano mara tatu kwa wiki. Dawa moja iligeuza mkojo, machozi na jasho kuwa rangi ya chungwa, foronya zake zote nyeupe zikaharibika. Kila kitu kikawa na ladha ya sarafu. Sindano zikamletea mlio masikioni. Zilipositishwa, sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa. Kila asubuhi alilala kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, mumewe akimpigapiga mgongo huku akihesabu kwa sauti ya darasani, beseni likiwa chini kupokea makohozi.

Mwezi wa kumi wa matibabu, vijidudu vilikuwa bado vinaota maabara. Wakamkata kipande cha pafu kilichooza zaidi. Aliomba akione, daktari akamwonyesha picha: kitu cha kijivu chenye matundu, kama sponji iliyosahauliwa chini ya sinki.

"Mmekipeleka wapi?"

"Maabara. Kisha kitachomwa."

"Kichomeni vizuri."

Tangu hapo ni miezi minane, na kila kipimo kimetoka safi. Daktari bado anataka afikishe mwaka mzima wa vipimo safi kabla hajaacha dawa, na hamwahidi kwamba havitarudi. Kazi ya hotelini ameacha, ngazi zimemshinda.

Jumapili iliyopita wifi alikuja kumjulia hali, wakakaa sebuleni wote watatu. Kikohozi kikamjia Kidole. Hakukibana. Alichukua kikopo chake, akakohoa mpaka chini, akatema, akatazama kwa makini kama anavyotakiwa, akafunga. Wifi aligeuza uso, kitambaa puani.

"Unaona kinyaa?" Kidole akamuuliza.

"Samahani, wifi. Sana."

"Hata mimi," akasema, akaenda kunawa mikono.