Ukoko wa Reksi

Juzi jirani yangu alikuwa akimfunza mbwa wake kukaa, biskuti moja kila akitii, na mimi nikasikia tena harufu ya ukoko wa ugali.

Baba aliponunua shamba kule Soy, mzungu aliyemuuzia alituachia mbwa wake, Reksi. Reksi alikuwa amezoeshwa kumbwekea kila Mwafrika aliyekaribia lango kubwa. Kwa hivyo baba, mwenye shamba, akawa anaingia kwake kwa kupenya ua wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Nilianza kushinda langoni na ukoko mfukoni mwa gauni. Reksi akibweka, naficha mkono. Akinyamaza, hata kidogo tu, nampa kipande.

"Wewe Chebet, ukoko wote ni wa mbwa?" mama alilalamika.

Niliamini namfundisha Reksi kwamba mzungu ameenda na shamba ni letu.

Alasiri moja baba alikuwa anarudi kutoka mjini. Nikamwita, "Baba, pitia hapa mbele!"

Alisita, akakaza mkono kwenye fimbo. Reksi alisimama, akamtazama, halafu akageuka kutazama mfuko wangu. Kimya. Lango likalia kwa kutu, na baba akaingia polepole, kifua mbele.

Leo najua Reksi hakujifunza lolote kuhusu shamba. Alijifunza ukoko. Lakini sikumwambia baba hivyo kamwe, kwa sababu alipofika mlangoni aligeuka, akarudi hadi langoni, akatoka, halafu akaingia tena.