Farasi Wanne wa Anders Kvamme

Tekla Romaniuk ndiye aliyepanga barua katika posta yetu ndogo, kusini mwa Saskatchewan, Kanada, na mikono ikipata nafasi aliandika mashairi nyuma ya bahasha zilizochanika. Aliandika habari zetu: upepo, ngano iliyopigwa na mvua ya mawe, wanawake waliochoka kufuta vumbi mezani. Gazeti la wilaya lilimchapisha, nasi tukayakata mashairi na kuyabandika jikoni. Shuleni tulifundishwa mashairi ya bahari, ambayo wengi wetu hatujaiona mpaka leo.

Majira ya baridi ya 1951, alisoma shairi jipya ukumbini. Lilimhusu mkulima ambaye, mwaka wa ukame, mbuga ilipokauka hadi mizizi, aliwauza farasi wake wanne kwa mfugaji wa mbweha wa manyoya, wakawe chakula cha mbweha hao. Hakutaja jina, lakini sote tulimjua. Katika ubeti wa tatu Anders Kvamme, mzee mgane wa upande wa mtoni, alisimama, akavaa kofia, akatoka.

"Umemwanika mtu, dada," mke wa mwalimu alimwambia Tekla.

Siku tatu Anders hakuja kuchukua barua. Ya nne Tekla alifunga posta mchana, akatembea maili mbili kwenye theluji, mkate wa asali kwapani. Anders alifungua mlango akasimama kizingitini.

"Nimekuja kuomba radhi, Bwana Anders. Nilipaswa kukuuliza kwanza."

"Ulipaswa."

"Shairi nitalichoma."

"Nani kakwambia uchome? Umeandika walikuwa weusi. Weusi! Miaka ishirini jirani yangu, macho uliyaweka wapi? Wawili walikuwa wa kijivu. Na mmoja wao, Dagny, alikuwa chongo. Haya ingia, unanimalizia joto."

Walikaa mpaka birika la kahawa likakauka. Anders alisema ambayo hata marehemu mkewe hakuyasikia. Dagny aligoma kupanda lori. Wanaume watatu walishindwa naye. Basi yeye mwenyewe akashika hatamu, akamwita, naye akapanda.

"Alipanda kwa sababu niliyemwita ni mimi," alisema. "Ukame nimeshausamehe. Hilo bado."

Tekla hakugusa kalamu. Baadaye akauliza, "Niliandike?"

Mzee alikata kipande cha mkate wa asali. "Andika. Na jina langu uliweke. Nimechoka kuitwa mkulima fulani."

Theluji ilipoyeyuka Tekla alilisoma upya, Anders akiwa kiti cha mbele, kofia magotini. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Kisha kutoka nyuma ikasikika sauti ya Hrytsko, mtu ambaye hata salamu huitoa kwa shida: "Mimi niliuza sita." Mwingine akataja wawili wake, kwa majina. Mama mmoja akaanza kulia, mumewe akamshika bega.

Tekla aliendelea kuandika hadi alipostaafu, na habari ya mtu yeyote aliipeleka kwanza mlangoni kwa mwenyewe. Wawili walimkatalia. Habari zao hatukuzisoma kamwe.