Gunia Chini ya Kiti

Mpaka leo sielewi nilikuwa nafikiria nini. Mtu niliyezaliwa Milola, nikakulia kwenye mikorosho, nikachukua gunia lililokuwa likiwekewa maganda ya korosho nikalisokomeza kando ya egzosi, lile bomba la moshi wa gari, halafu nikamkalisha mama yangu mzazi juu yake. Kila nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nina kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo ambacho injini yake imejificha chini ya viti vya mbele. Nabebea ufuta, mihogo na korosho. Msimu ule wa joto kilianza kunitia aibu. Asubuhi kinakwenda vizuri; ikifika saa saba mchana kinapanda kilima kwa kukohoa, na wenye baiskeli wananipa pole. Fundi wangu wa Lindi akainua kiti, akapapasa bomba linalopeleka hewa kwenye injini, akautoa mkono haraka.

"Bomba lako limelala jirani na egzosi," akasema. "Injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto haina nguvu. Weka bati hapa katikati, liwe linang'aa, uache nafasi ya kidole kila upande. Basi, usiongeze kitu."

Bati nilikata mwenyewe, nikalifunga kwa bolti, na kweli gari likapata nguvu. Lakini mimi sijui kuacha jambo likiwa zuri. Ile nafasi ya kidole ilinikera, nikaiona kama kazi iliyoachwa nusu. Wauza samaki wa kwetu hufunika barafu kwa gunia ili isiyeyuke. Nikajiambia, kama gunia linaliweza jua la Lindi, litashindwaje na egzosi? Nikaenda kwa mama kuomba gunia.

Wakati huo mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Vitu vyake vyote alivijua kwa mahali vilipo. "Chukua hilo la kulia," akaniambia. "La kushoto ni la maganda ya kukokea moto, usiliguse."

Nikatazama. La kulia limetoboka. La kushoto ni zima, kavu, tupu, halina hata ganda moja. Nikaona mama kachanganya, maskini, haoni. Nikachukua la kushoto wala sikumwambia, nikalisokomeza kwenye ile nafasi.

Siku nne gari lilikwenda bila shida, nami nikawa natamba kijiweni kwamba nimempita fundi. Siku ya tano nikaenda Lindi kumchukua mama hospitali. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja, na jana yake wakamfanyia upasuaji jicho la kulia. La kushoto waliliacha kwa safari nyingine. Nesi alimvalisha miwani nyeusi, kisha akanigeukia mimi.

"Vumbi lisimpate. Moshi ndio kabisa. Asikae jikoni, umenisikia kaka?"

"Nimekusikia," nikasema, na nilikuwa nasema kweli. Ndiyo maana tulipoingia barabara ya vumbi nilipandisha vioo vyote mpaka juu.

Tulikuwa tunapanda kilima mama aliposema, "Kuna moshi."

"Ni vumbi, mama."

"Vumbi nalijua. Huu ni moshi, unatoka hapa miguuni."

Nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia jicho bado jipya, litamwonyesha mengi, alipe muda. Na harufu niliisikia! Hilo ndilo linaloniuma kupita yote. Niliisikia kabisa harufu ya maganda ya korosho yanayoungua, nikadhani tunapita karibu na watu wanaobangua korosho zao. Ni harufu ya kwetu, nimeinusa tangu nikiwa mgongoni, haijawahi kunishtua. Nikameza mate.

Kisha injini ikakohoa, gari likaishiwa nguvu, na pale kwenye gia ukachomoza ulimi wa moto.

Sikumbuki nilivyofunga breki. Nakumbuka chumba kizima kimejaa moshi mweusi, mzito, unaowasha, na vioo nimevipandisha kwa mikono yangu mwenyewe. Nilizunguka nikamvuta mama nje, akajikwaa, miwani ikaanguka. Nikarudi, nikainua kiti, nikalichomoa lile gunia likiwaka na kulitupa barabarani. Lilikuwa linachuruzika mafuta. Gunia nililoliona kavu lilikuwa limekunywa miaka yote mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayoshika moto upesi, na joto la egzosi likayakamua. Nilimwaga mchanga kwenye injini mpaka moto ukazimika.

Mama alikuwa amekaa kwenye majani kando ya barabara, kanga ameikandamiza usoni. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nilikaa chini mbele yake nikiwaza jambo moja tu: nimelipofusha. Jicho lililofunguliwa jana, nimelifunga leo.

"Mama," nikasema. "Mama, niangalie."

Alikohoa kwa muda mrefu, akatema mate pembeni, akaishusha kanga taratibu. Machozi yalikuwa yanamtiririka. La kushoto lilikuwa na ukungu wake wa siku zote. La kulia lilikuwa jekundu, limefumba.

"Lifungue kidogo," nikamsihi. "Unaniona?"

Alilifungua kwa shida, akalifumba, akalifungua tena. Nikainua mkono mbele ya uso wake kama nilivyomwona daktari akifanya.

"Hivi ni vidole vingapi?"

Mama aliutazama mkono wangu. Akauvuta karibu na uso wake, akaugeuza upande huu na upande ule, akaacha kukohoa.

"Vitatu," akasema. "Vimechunika vyote mpaka nyama. Mwanangu, husikii maumivu?"