Ritifaa Iliyonigawa Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya utafiti kule Embu, Mtafiti Mkuu alinipokea mlangoni. Hakuniuliza nilisoma wapi. "Hapa usipoandika, hukufanya," aliniambia. "Damu utatoa, vijidudu utaviotesha, lakini isipochapishwa kwa jarida, ni kama ulikuwa unapiga soga."

Nilimwamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Ugonjwa niliopewa kuuchunguza ulikuwa brusela, homa ya maziwa mabichi. Humvunja mtu viungo miezi na miezi huku akimezeshwa dawa za malaria. Nilizunguka na kasha la barafu, Kanyakine kwa wafugaji, Laare kwa wakulima wa miraa, nikitoa damu ya watu na ya ng'ombe wao. Huko Laare jamaa mmoja aliniambia mtu anayetafuna miraa haumwi viungo. Nikamwambia, haya, inua huo mkono. Hakuweza. Damu yake ilikuwa katika makala yangu ya kwanza.

Makala yalipokubaliwa, mhariri wa jarida, ambaye alikuwa ng'ambo, aliandika kwamba mitambo yao haikubali ile alama kwenye jina langu. Mimi ni M'Iruki. Ile alama ni ritifaa, hiyo hiyo mliyofundishwa kwenye neno ng'ombe, na kwetu Meru si pambo. M' ni kusema mwana wa. Iruki ni baba yangu, aliyeuza mbuzi sokoni Kianjai ili nisome. Nilimpelekea jarida kwa furaha, akampa mwalimu jirani amsomee jina.

"Miruki," mwalimu akasoma.

Baba alinirudishia jarida. "Miruki ni nani?"

Nililalamika kazini. Mtafiti Mkuu hakuinua macho kwenye hadubini. "Ni kidoti tu, daktari. Wacha sayansi iende."

Nilipohamishiwa Meru, Mkurugenzi wa kituo alitaka tuandike majina jinsi majarida makubwa yanavyotaka: jina la ukoo mbele, herufi moja nyuma. Basi M' yangu ikageuzwa herufi tu, nikachapishwa kama Iruki M. Sasa mtafiti akawa baba, mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu. Miaka ya mwisho nilikataa katakata, na majarida machache yakakubali M'Iruki kamili. Baba alikuwa ameshazikwa.

Kisha zikaja kompyuta za kuhesabu. Ninyi vijana mmezizoea. Mtu akitaja makala yako ndani ya makala yake, hilo ni rejeo, na marejeo yakiwa mengi unaitwa mtafiti mkubwa. Mashine ndiyo inayojumlisha, wala haijui Kianjai. Kwake, Miruki alikuwa mtu, Iruki M. mtu mwingine, na M'Iruki kijana aliyeanza juzi.

Niliomba cheo cha Mtafiti Mkuu, kile cha mkubwa wangu wa kwanza. Mwenyekiti wa jopo alikuwa na karatasi za kompyuta mbele yake.

"Daktari, rekodi yako ni nyembamba."

"Hawa wote watatu ni mimi," nikasema.

Wanajopo wakacheka kidogo, kwa adabu. "Sasa tukuite nani kati yao?" Mwenyekiti akauliza. Cheo kikaenda kwa mtu ambaye jina lake halikuwa na shida. Sina kinyongo naye. Na hao waliocheka ninacho, wala sifichi.

Niliwaandikia wenye mashine wayaunganishe majina yangu. Walijibu baada ya muda mrefu: nithibitishe kwa barua pepe ya kazini. Ya kazini ilikuwa imeshafungwa. Nilikuwa nimestaafu.

Sasa nafuga ng'ombe wawili Kanyakine, na juzi homa ilinishika. Daktari wa zahanati, binti mpole, alinisikiliza vizuri, akanipima, akatabasamu.

"Mzee, hii ni brusela. Wengine wangekupa dawa za malaria tu. Kuna utafiti wa zamani wa hapa hapa kwetu uliotufundisha kuitambua."

"Uliandikwa na nani?"

"Iruki fulani. Sijui kama bado yuko hai. Hata hakuandika mengi."

"Alikufa," nikamwambia. "Alikuwa akiuza mbuzi."

Alinitazama, akadhani ni homa inayosema. Akanisukumia kadi yenye maelezo ya dawa. Juu yake alikuwa ameandika Miruki.

"Binti yangu, kuna ritifaa hapo, baada ya M."

Alikuwa mwenye heshima kweli, na foleni ilikuwa ndefu. "Ni kidoti tu, mzee," akasema. "Dawa ni zile zile."

Nilizichukua nikaenda nyumbani. Zilinifaa. Wanangu nimewaagiza jambo moja tu kuhusu kaburi langu: fundi akichonga jina, wasimame hapo hapo wamwangalie mkono.